Siku Kumi Katika Lupango wa Lubumbashi

Msafiri aendaye Lubumbashi na mfuko mwepesi yafaa ajue kwamba si lazima alale hotelini. Katika mitaa ya makazi, nyuma ya nyumba kubwa, wenyeji wengi hupangisha vyumba viwili vitatu vyenye jiko, kwa siku au kwa juma. Mgeni hupewa ufunguo, naye hujipikia na kujifulia mwenyewe.

Sisi tulikaa hivyo siku kumi, mwezi wa Julai, kwa kuwa ndugu yetu alikuwa amelazwa mjini humo. Huko, kama ilivyo mahali pengi, chakula cha mgonjwa ni kazi ya jamaa zake. Hotelini pasipo jiko tungempikia wapi?

Kiwanja chenye nyumba na ukuta wake, wenyeji hukiita lupango. Katika lupango wetu nyumba kubwa ilikuwa mbele, chini ya mwembe. Sisi tulikuwa nyuma kabisa, karibu na bomba la maji. Lupango nyingi za mtaa ule zina kijumba kama kile, na sababu yake imo katika historia ya mji.

Wabelgiji waliuanzisha mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, reli ilipofika kutoka kusini. Wakauita Élisabethville, jina la Lubumbashi lilikuja mwaka 1966. Wazungu walikaa upande wao, na Waafrika wakatengwa katika mitaa yao: kwanza ule uitwao leo Kamalondo, kisha Kenya, Katuba na Ruashi. Kati ya pande hizo mbili iliachwa nchi tupu. Lakini bwana alimtaka mpishi wake tangu alfajiri. Basi akamjengea kijumba nyuma, karibu na kazi na mbali na sebule. Vijumba vingi vya namna hiyo ndivyo vinavyopangishwa leo. Palipojengwa ili mtu awe karibu bila kuwa jirani, sasa mgeni hupata majirani.

Nao ujirani huanza na mahitaji. Maji hayatoki saa zote. Kabla ya jua kuchomoza watu wa lupango mzima hukutana bombani na ndoo zao. Umeme nao hukatika, kwa hiyo kila jiko lina mbabula, yaani seredani, na gunia la makala. Mwalimu akisikia “makala” hufikiri maandishi ya gazeti. Kule ni makaa, yachomwayo katika misitu ya miombo, ambayo kwa ajili hiyo inazidi kuusogea mbali mji. Ugali huitwa bukari, na kisamvu huitwa sombe. Unga mwingi hutoka Zambia. Njia ya mpakani ikizibwa, bei hupanda upesi sokoni.

Mji huo uko juu, kiasi cha mita 1,200, na usiku wa Julai ni wa baridi kali. Jioni ya kwanza mama mwenye nyumba alituona tukiota moto mlangoni, akasema: “Baba, mbabula ibaki inje. Musilale nayo.” Alisema kweli. Makaa yakiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala hasikii kitu, na huenda asiamke tena. Akatuletea blanketi mbili, wala hakuziongeza katika kodi.

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu tulianza kumchotea mama yule maji, maana mgongo ulikuwa ukimsumbua. Naye, siku tulipokwama hospitali kutwa nzima, alimtuma mwanawe na bakuli la bukari na sombe, mgonjwa asilale na njaa. Siku ya tisa ndugu yetu aliruhusiwa kutoka, na usiku ule alilala chini ya blanketi zile zile.

Basi, ndugu msomaji, ukipanga nyumba ya namna hiyo, kabla ya kulipa uliza maji hutoka saa ngapi, mlango hufungwaje, na moto huwashwa wapi. Kisha, kabla hujafungua mizigo, pita uwasalimu watu wa lupango.