Jicho la Mzee na Sijda Yake



Hapa kwetu Madale, baada ya darsa humkosi mzee anayeufungua Msahafu, akausogeza kwenye mwanga wa dirisha, kisha akaufunga. Ukimuuliza atakwambia, "Ni uzee tu, Maalim." Na nyumbani wamekwisha kuridhika: babu haoni, basi.

Ni kweli kuwa Mtume (S.A.W.) alipotuamrisha tujitibu aliubagua uzee peke yake kuwa hauna dawa. Lakini mtoto wa jicho siyo uzee wenyewe; ni maradhi yanayowapata zaidi wazee. Lenzi iliyo nyuma ya mboni huingia ukungu, mfano wa chimni ya taa iliyopata moshi. Miwani haiusafishi ukungu huo, wala matone, wala asali. Daktari huitoa lenzi hiyo na kuweka nyingine ya plastiki, mara nyingi kwa muda usiozidi nusu saa, na mgonjwa yu macho. Kazi hii hufanywa Muhimbili, na CCBRT pale Msasani.

Basi kwa nini mzee haendi? Gharama ni sababu, sikatai. Lakini lipo jingine wasilolisema mbele ya watoto wao: wamesikia kuwa baada ya kupasuliwa mtu asiinamishe kichwa kwa siku kadhaa, nao wanaihofia sijda.

Hofu hii ni ya kale. Imepokewa kuwa Ibn Abbas (R.A.), maji yalipomteremkia machoni, kama Waarabu walivyoyaita maradhi haya, aliambiwa kuwa atatibiwa iwapo atasali siku chache amelala chali. Akakataa. Huo ni uchaji wake, na nani wa kumlaumu? Ila Imam Nawawi, wa madhehebu yetu ya Shafi, ameona kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba aliyeambiwa hivyo na tabibu mwaminifu anayo ruhusa ya kuacha kusimama. Basi na asali ameketi, aashirie rukuu na sijda kwa kadiri aliyoruhusiwa. Usoni aoshe panapowezekana, na kwa palipozuiliwa atayamamu.

Wala msikawie kumpeleka akapimwe, maana si kila kiza ni mtoto wa jicho. Ipo presha ya macho, inayoula mshipa wa kuonea kimya kimya, na nuru iliyopotea kwa hiyo hairudi tena. Mkifika, mwambieni daktari kuwa mzee wenu ni mtu wa sala, mumuulize hasa ni siku ngapi asiiname, na mzee mwenyewe asikie jawabu.