Askari Wasioambiwa Ukweli

Tuliitazama sinema The Objective kwa matumaini. Aliyeitengeneza, Daniel Myrick, ni mmoja wa wale wawili waliotuletea The Blair Witch Project mwaka 1999, kazi ya fedha kidogo iliyotisha watu kwa miti, giza na sauti tu. Hii ya mwaka 2008 nayo haikuwa na fedha nyingi, wala umaskini wake hatuulaumu.

Habari ni ya Afghanistan, mwaka 2001. Jasusi wa Marekani anaongoza kikosi kidogo cha askari milimani, akisema wanamtafuta mzee mmoja wa dini. Kumbe anajua jambo lingine, naye hawaambii. Wanakufa mmoja baada ya mwingine, kiu inawashika, na bado wanamfuata. Hapo tulinyamaza kabisa. Kupelekwa kwenye kifo bila kuambiwa sababu kunatisha kuliko pepo lolote, na sisi wa mashariki ya Kongo hatuhitaji kufafanuliwa hilo.

Lakini mtengenezaji hakuona alichokuwa nacho mkononi. Badala ya kukaa na udanganyifu ule mpaka umwelemee aliyeutenda, anakimbilia mianga ya angani, maumbo ya pembetatu, na hata (tulishangaa!) masimulizi ya kale ya India juu ya vyombo virukavyo. Neno moja halishikamani na lingine. Mwishoni sinema inabaki na yule jasusi peke yake. Waliomfuata imewaacha jangwani.