Kiraka Kinapopata Bei

Katika lugha yetu neno kiraka halina sifa njema. Nguo ikiwa na kiraka, mvaaji huonekana fukara. Kazi ikifanywa kwa viraka, aliyeifanya huonekana mvivu. Ndiyo maana wageni wengi hushangaa wanapoingia sebuleni kwetu hapa Kilosa na kukuta mablanketi yaliyoungwa kwa viraka mia na zaidi vya vitenge na khanga, yakiwangoja wenyewe waliokwisha kuyalipia.

Kazi hiyo ni ya mke wangu. Kwa zaidi ya miaka ishirini aliifanya kwa kujifurahisha tu, jioni, baada ya shughuli za shamba. Kila mjukuu aliyezaliwa alishonewa lake. Cherehani yake ni Butterfly ya kukanyaga kwa miguu. Vipande hutoka kwa mafundi wa sokoni, ambao zamani walikuwa wakivichoma moto. Katikati huwekwa blanketi kuukuu la mtumba, na chini kitambaa kimoja kizima. Kisha hufuata kazi ya mkono, ambayo ndiyo ndefu: kupitisha sindano katika tabaka zote tatu, mstari kwa mstari, ili la ndani lisijikunje. Watu wa pwani wana neno lao la zamani, mfarishi. Sisi twasema blanketi la viraka, basi.

Msomaji atauliza, nani anahitaji blanketi zito Kilosa, kwenye joto hili? Jibu liko barabarani. Mikumi iko zaidi ya kilomita 70 kutoka hapa, ukipitia Ulaya (naam, wilaya yetu ina Ulaya yake, na haihitaji pasipoti). Pale inapita barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na hadi Zambia. Abiria wengi wanaelekea Mafinga, Makambako na Njombe, ambako mwezi Juni na Julai baridi hupenya hadi mifupani. Shemeji yangu ana genge la chakula pale Mikumi. Siku moja alitandika blanketi la dada yake juu ya benchi, na abiria mmoja akakataa kuondoka bila hilo blanketi. Wiki mbili baadaye walikuwa wameuliza watu watano. Watalii wa Hifadhi ya Mikumi, ambayo ipo tangu mwaka 1964, walikuja baadaye, na mpaka leo si wanunuzi wetu wakubwa.

Nilijitolea kutunza daftari. Vifaa vya blanketi moja, pamoja na nyuzi, vilifika shilingi 28,000. Muda ulikuwa siku tisa. Yeye alikuwa akiuza kwa shilingi 35,000, tena akiona aibu kutaja bei hiyo. Maana yake alibaki na shilingi 7,000 kwa siku tisa, yaani chini ya 800 kwa siku, fedha isiyonunua sahani ya wali na maharage katika genge la mdogo wake. Nilimwonyesha hesabu. Aliitazama kwa muda mrefu, akasema, "Mwalimu, kumbe nimekuwa nikiwagawia watu usiku wangu." Tangu hapo bei ikawa 80,000. Wateja walipungua kidogo, wala hawakuisha.

Majaribu mengine hayakuwa ya hesabu. Duka moja la vitu vya watalii lilichukua mablanketi manne kwa mali kauli. Baada ya miezi saba tulilipwa moja, mawili yakarudishwa yakiwa yamepauka kwa jua la dirishani, na la nne hatujui liko wapi. Sasa mteja hulipa nusu kabla mkasi haujagusa kitambaa. Jamaa nao walikuja na swali lao la kawaida: "Shangazi, mimi utaniuzia kwa bei gani?" Hapo nilidhani atashindwa, kwa maana mkono wake si mzito. Alijiwekea sheria ambayo nimeiheshimu sana: ndugu hupewa bure, au hulipa kamili. Bei ya undugu, asema, huharibu biashara na undugu pia.

Jaribu kubwa lilikuja na mtu mwenye nyumba ya wageni. Alitaka mablanketi 20 yanayofanana, rangi mbili tu, kabla ya Juni. Hizo ni shilingi 1,600,000, na paa letu lilikuwa linavuja upande wa jiko. Mke wangu aliomba siku tatu za kufikiri, nami siku hizo zilinikumbusha mambo mawili niliyopata kuyasoma.

La kwanza ni asili ya khanga. Mwishoni mwa karne ya 19, wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua leso zilizopigwa chapa, zikiwa bado hazijakatwa kwenye jora. Walichukua sita, wakazigawa tatu tatu, wakaziunga zikawa vazi moja. Wafanyabiashara walipoona hivyo, wakaagiza kitambaa kizima kilichochapwa tayari. Mshono ukatoweka, na mshonaji akawa mnunuzi. Kiwanda cha Urafiki kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, khanga ilikwisha kuwa bidhaa ya kiwandani kwa miaka mingi.

La pili linatoka Marekani. Mwaka 1966 wanawake weusi wa wilaya ya Wilcox, jimbo la Alabama, walianzisha ushirika ulioitwa Freedom Quilting Bee, wakauza mablanketi ya viraka hadi New York. Maduka makubwa yalitaka vitu vya sampuli moja, na mwaka 1972 walipata mkataba wa kushona foronya kwa kampuni ya Sears. Mkataba huo uliwapa mishahara, na mishahara ile ilisomesha watoto. Si jambo la kudharau. Lakini mwaka 2002, makumbusho ya Whitney yalipoonyesha kazi za wanawake wa Gee's Bend katika wilaya ile ile, watu walipanga foleni kutazama mablanketi yaliyoshonwa kwa ajili ya vitanda vya nyumbani, kila moja na sura yake.

Nilimsimulia yote mawili, bila kumwambia achague lipi. Alijibu, "Nikishona ishirini yanayofanana, macho yangu yatakuwa yameajiriwa, nami sijaomba kazi." Akakubali kushona manane, kila moja na viraka vyake. Yule bwana alisema atafikiri, na hakurudi.

Paa likaezekwa mwaka uliofuata, bati chache kwa wakati. Mjukuu wetu wa kike, aliyekuwa akitunga uzi tu kwenye sindano, sasa anashona pembe mwenyewe, na jina lake nimeliandikia ukurasa wake katika daftari. Vijana wengi huniuliza kama kazi ya mikono ya nyumbani yaweza kuwa biashara. Huwajibu kwamba yaweza, lakini kwanza wahesabu siku zao kama wanavyohesabu vifaa, wapokee malipo ya awali, na wajue mapema ni kiasi gani cha kazi hiyo hawako tayari kukiuza. Jambo la tatu ni gumu kuliko mengine, kwa kuwa mteja hatakuuliza.