Pa Kuegemeza Mgongo

Ninaishi kusini mwa London, katikati ya vituo viwili vya treni ya chini ya ardhi ambavyo wapenda reli hutoka mbali kuja kuvipiga picha: Clapham North na Clapham Common. Kwa juu havina ajabu. Geti, mashine za tiketi, ngazi za umeme, kijana anagawa magazeti ya bure. Ajabu iko chini. Ukishuka unakuta handaki moja kubwa la mviringo, katikati yake jukwaa moja jembamba, na kila upande wa jukwaa reli. Treni ya kwenda mjini inapita upande huu, ya kwenda Morden inapita upande ule, na wewe umesimama katikati.

Wenyewe wanaliita jukwaa la kisiwa. Katika njia zote za kina za London, vituo vyenye jukwaa la namna hii ndani ya handaki moja vimebaki hivi viwili tu, na mimi vyote viwili ni vya jirani. Usiku mmoja, watu wakiwa wachache, nililipima kwa miguu. Hatua tano, ukingo hadi ukingo, na ile ya tano niliivuta kidogo.

Mimi ni mtu wa Unguja. Neno kisiwa kwangu si la kutisha. Kisiwa ndiyo mahali unapofika ukanusurika na bahari. Miaka tisa nimepita kwenye jukwaa hili bila kulifikiria. Nilikuwa nasimama pale pale kila asubuhi, kitabu mkononi, mkoba begani, riwaya nyingi tu nimezimaliza nikiwa na shimo mbele na shimo nyuma. Mwaka jana ndipo nilipoanza kuliangalia vizuri, kwa sababu ambayo nitaieleza. Kwanza nieleze limetoka wapi.

Mwaka 1890 kampuni moja iitwayo City and South London Railway ilifungua reli kutoka Stockwell hadi King William Street, ng'ambo ya mto Thames. Ilikuwa reli ya kwanza ya umeme ya kina duniani. Aliyeisimamia ni mhandisi James Henry Greathead, mzaliwa wa Grahamstown, Afrika Kusini, mji ambao leo unaitwa Makhanda. Wachimbaji walifanya kazi ndani ya ngao ya chuma ya mviringo iliyosukumwa mbele kwenye udongo wa mfinyanzi, na nyuma yao handaki likavishwa pete za chuma ili lisiporomoke. Mabehewa ya kwanza yalikuwa na vidirisha vidogo kama vya kuchungulia, maana ilionekana huko chini hakuna cha kutazama. Abiria wakayabandika jina la vyumba vya vichaa, vile vyenye magodoro ukutani. Waingereza kwa majina hawajambo.

Mwaka 1900 njia ikasogezwa hadi Clapham Common. Mwaka 1901 ikafika Angel upande wa kaskazini, na 1907 ikafika Euston. Katika vituo kadhaa vya njia hiyo wakachimba shimo moja kubwa badala ya mawili, wakaweka jukwaa moja katikati. Hesabu yake unaweza kuifanya mwenyewe: jukwaa moja, njia moja ya kushukia, mtumishi mmoja anaona pande zote mbili. Treni za mwanzo zilikuwa na mabehewa matatu. Abiria wake walienea vizuri tu.

Leo treni za njia hiyo, Northern, zina mabehewa sita, na mji umejaa. Vituo vilivyokuwa na jukwaa la aina hii vikabadilishwa kimoja kimoja. Stockwell ilijengwa upya miaka ya 1920. Euston ikabadilishwa miaka ya 1960, wakati wa kujenga njia ya Victoria. Angel, ambayo msongamano wake ulikuwa na sifa mbaya, ikangoja hadi 1992. Dawa iliyotumika Euston na Angel ni moja: chimba handaki jipya, hamishia humo treni za upande mmoja, halafu lile shimo la reli ya zamani lifukie, liwe sehemu ya jukwaa. Ndiyo maana ukishuka leo Angel kwenye treni ya kwenda kusini unajikuta kwenye jukwaa pana kama ukumbi wa harusi. Unatembea juu ya mahali ilipokuwa ikipita treni.

Clapham haikufikiwa na dawa hiyo. Kuchimba handaki jipya ni pesa nyingi, na Clapham si Angel.

Sasa sababu yangu. Mwaka jana nilikwenda kupimwa miwani, mpimaji akanyamaza kidogo kuliko kawaida, akaniandikia barua ya hospitali. Hospitali wakasema ni presha ya macho. Ugonjwa huu hauumi. Unakula uoni kutoka pembeni, polepole, na ubongo unakujazia mapengo kwa ubunifu wake, kwa hiyo huoni kwamba huoni. Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Matone ya kila usiku ni ya kulinda kilichobaki. Jicho langu la kushoto limepoteza kipande kikubwa cha upande wa chini. Yaani upande ule ule ambako ukingo wa jukwaa unakaa.

Nilimpigia shangazi, kwa sababu baba alipofuka na hakuna aliyewahi kutuambia kwa nini.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti hiyo?"

Nikamweleza. Akauliza kama si mtoto wa jicho, maana mtoto wa jicho anatolewa, mtu anarudi nyumbani na kibandiko, basi. Nikamwambia si hicho. Akakaa kimya, halafu akasema, "Basi ndicho kilichokuwa kwa baba yako. Alianza kujigonga upande mmoja, tukamcheka."

Baba alipoteza macho akiwa Mji Mkongwe, na miaka kumi na kitu baada ya hapo aliendelea kwenda msikitini, sokoni na barazani bila kushikwa mkono. Njia za kule ni nyembamba kuliko jukwaa la Clapham. Pengine ukinyoosha mikono unagusa nyumba mbili. Lakini wembamba ule ulikuwa mali yake. Mkono wa kulia ukutani, anahesabu milango, anajua baraza ya nani inaanza wapi, harufu ya bakeri, sauti ya bomba linalovuja. Hatari yake ilikuwa vespa na baiskeli, nazo zinapiga kelele. Akisikia moja anaugeuzia ukuta mgongo, anangoja ipite.

Hicho ndicho kitu nilichokwenda kukitafuta Clapham, na hakipo. Kwenye kituo cha kawaida cha chini ya ardhi hatari iko upande mmoja na ukuta uko upande wa pili. Ukishikwa na wasiwasi, ukisukumwa, ukipata kizunguzungu, unarudi nyuma hadi mgongo uguse vigae. Kila mwili unaijua kanuni hiyo bila kufundishwa: kikija kitu, rudi nyuma. Kwenye jukwaa la kisiwa kanuni hiyo inakugeuka. Kurudi nyuma kutoka treni hii ni kuisogelea ile. London ina tangazo lake maarufu la kuwaonya watu na mwanya ulio kati ya treni na jukwaa, watu wanalichapisha hata kwenye fulana. Tangazo la mwanya ulio nyuma yako sijalisikia.

Sauti nazo hazisaidii. Treni ya kina inasukuma upepo mbele yake kabla haijaonekana, na katika kituo cha ukuta mmoja upepo ule ni taarifa: treni yako inakuja. Pale Clapham handaki ni moja, kwa hiyo upepo, ngurumo na mwangwi vinachanganyika, na treni mbili zikiingia pamoja huwezi kusema ipi iko wapi mpaka uzione. Huko chini mbali na reli mbili za magurudumu kuna nyingine mbili za umeme. Si mahali pa kubahatisha.

Wajapani wamelifikiria jambo hili kuliko yeyote ninayemjua. Wasioona wa huko wana msemo kwamba jukwaa la treni ni daraja lisilo na kizuizi pembeni. Na ni Mjapani, Seiichi Miyake, aliyebuni vile vigae vya vinundu unavyovisikia chini ya soli karibu na ukingo; vya kwanza viliwekwa barabarani Okayama mwaka 1967, karibu na shule ya wasioona. Leo viko kila mji mkubwa. Lakini baadaye waligundua vinundu peke yake havitoshi. Mguu ukivigusa unajua uko karibu na hatari, ila haujui hatari iko upande gani, na mtu aliyepotewa na mwelekeo anaweza kuvivuka akidhani anaukimbia ukingo. Wakaongeza mstari mmoja ulioinuka, upande wa ndani wa vinundu. Ukiugusa mstari unajua: huku ndiko katikati, huku ndiko salama. Nimesoma mambo mengi kuhusu usalama wa reli mwaka huu, na huo mstari ndio kitu pekee kilichonigusa moyo. Kuna mtu alikaa akafikiria swali la mguu wa kipofu.

Ulinzi kamili ni milango ya ukingoni. Leningrad walikuwa nayo tangu 1961: kituo cha Park Pobedy ni ukumbi wenye kuta mbili, na treni huioni mpaka mlango wa ukutani ufunguke. London yenyewe inaijua. Vituo vinane vya chini ya ardhi kwenye njia ya Jubilee, kuanzia Westminster hadi North Greenwich, vilipewa milango ya vioo mwaka 1999, na njia ya Elizabeth ikaja nayo mwaka 2022 katika vituo vyake vya chini katikati ya jiji. Hivyo vyote vilijengwa na milango tangu mwanzo. Kuiweka kwenye jukwaa la mwaka 1900 ni kazi nyingine, sibishi.

Ninachobisha ni maneno ya jirani yangu, mzee mstaarabu, mpenzi wa reli, anayeniambia kila tukikutana kwamba jukwaa hili lina zaidi ya miaka mia na ishirini na watu wanaishi nalo vizuri. Ni kweli wanaishi nalo. Asubuhi za kazi utaona watu wameshuka ngazi na hawasimami pale chini, wanasogea mpaka mwisho, wanageuza mikoba ikae tumboni, mwenye kigari cha mtoto anapishwa bila neno. Watu wakizidi, wafanyakazi wanafunga geti juu, foleni inasubiri barabarani. Lakini hiyo ni adabu ya abiria, na siku zote inategemea kila mtu awe mzima, mtulivu na mwenye macho.

Tarehe 5 Mei 2023 hawakuwa watulivu, wala usingewadai utulivu. Treni ilikuwa inaanza kuondoka Clapham Common wakati abiria walipoona moshi na kusikia harufu ya kuungua. Ikasimama, sehemu ya mabehewa yake ikiwa bado kituoni, milango imefungwa. Watu wakavunja vioo na kutokea madirishani, wakaangukia kwenye jukwaa lile lile la hatua tano, lenye reli nyingine ng'ambo. Hakuna aliyeumia vibaya. Niliitazama video ile wakati ule kama habari ya mtaani. Nimeitazama tena mwaka huu, nikawa naangalia miguu tu.

Mwezi wa tatu nilianza kutumia fimbo nyeupe, ile fupi ya kuwaashiria watu, si ya kupapasia. Siku ya pili mfanyakazi mmoja wa Clapham Common, mama wa makamo, alinifuata kabla sijafika kwenye ngazi.

"Nikushushe?" akaniuliza.

Nikamwambia naona kiasi.

"Najua unaona kiasi. Nakuuliza nikushushe."

Tukashuka. Hakunishika; alinipa kiwiko chake nikishike mwenyewe, kama wanavyofundishwa. Chini hakunipeleka katikati. Alinisimamisha pale ngazi zinapoishia, akaugonga ukuta wa ngazi kwa kiganja. "Hapa," akasema. "Jukwaa zima lina ukuta huu tu. Treni ikisimama nitakupeleka." Nikaegemea. Treni ya kwenda Morden ikapita mbele, yangu ikafuata, akanipandisha, akapiga simu kituo ninachoshukia ili nipokelewe.

Ni huduma nzuri na ni haki ya kila abiria kuiomba. Naiomba nikiwa na haraka. Siku nyingine, kwa kuwa bado naona kiasi na miguu yangu ni mizima, natembea robo saa hadi Stockwell. Pale kila treni ina jukwaa lake, na nyuma ya jukwaa kuna ukuta wa vigae, wa baridi. Nikirudi jioni nashukia hapo hapo. Shangazi amesema wajukuu wote wa baba wapimwe, hata watoto wadogo. Tumeshawapeleka wanne, bado watatu.