JIRANI YAKO WA KITI CHA PILI



Ndugu zangu, leo naanza na swali. Mmekaa barazani, mnazungumzia kundi fulani la watu. Ghafla mmoja wao anatokea, anatoa salamu na kuketi. Je, maneno yenu yanaendelea vilevile? Au mnakohoa, mnatazamana, kisha mnaanza kuulizana habari za mvua?

Kama yanabadilika, basi kuna jambo la kujitazama. Mimi jambo hili nimelishuhudia kwa macho yangu, tena uwanja wa mpira.

Najua wapo watakaoshtuka: "Sheikh naye yumo?" Mpira ni mchezo, na mchezo usio na haramu ndani yake asili yake ni ruhusa. Kinachouharibu ni kile kinachoingizwa humo: mikeka ya kamari, swala kupitwa na wakati, matusi na chuki. Mechi ile ilianza saa 10 alasiri. Niliswali Alasiri kwanza ndipo nikaingia, ikaisha kabla ya saa 12, na Magharibi ikanikuta msikitini. Hilo tulimalize hapo.

Timu sizitaji. Nikizitaja tu, nusu yenu mtaacha kusoma na kwenda kutambiana kwenye maoni. Itoshe kujua kwamba timu ya mji wetu ilikuwa ugenini, Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Tiketi alininunulia mpwa wangu, ambaye ni shabiki wa wenyeji, kwa hiyo viti vyetu vilikuwa katikati yao, huku mzunguko. Nilivaa kanzu na kofia. Sikuwa na jezi wala skafu. Kila aliyenitazama alinihesabu kuwa ni wa kwao.

Kulia kwangu alikaa mzee mmoja mkarimu sana. Alinikaribisha karanga hata kabla hatujajuana majina. Nyuma yetu walikaa vijana watatu wenye sauti.

Kipindi cha kwanza hakijafika katikati, kipa wetu akagongana na mshambuliaji, akabaki chini. Vijana wakaanza. Kwanza walisema anapoteza muda. Hayo ni maneno ya mpira. Kisha wakamtukana yeye. Kisha wakamtukana mama yake. Kisha wakaingia kwa mji wetu mzima: wachawi, washamba, watu wa njaa.

Ndugu zangu, kipa yule namjua. Juzuu Amma ameisoma kwangu, madrasa. Mama yake anakaanga vitumbua mtaani kwetu, na nikitoka swala ya Alfajiri ndiye mtu wa kwanza kusalimiana naye. Wale vijana walipomtaja, kwao yalikuwa ni maneno tu ya kujaza hewa. Kwangu mimi, mama yule ana sura, ana jina, ana moshi wa kuni machoni.

Nikanyamaza. Mzee akaliona hilo, akaniuliza, "Sheikh, mbona umepoa? Timu yetu haikufurahishi leo?"

Sasa hapo mtu afanye nini? Kusema uongo haiwezekani. Kujibu tusi kwa tusi hakufai. Nikamwambia kwa utaratibu, "Mzee wangu, mimi ni mgeni wenu. Wale wanaocheza na nyinyi ndio watu wangu. Na yule kipa ni mwanafunzi wangu."

Mzee akatulia kidogo. Kisha akageuka nyuma, akasema, "Wajukuu zangu, mmesikia? Mwenyewe yupo hapa."

Kijana mmoja akainamisha kichwa: "Shikamoo, Sheikh. Tusamehe. Hatukujua."

Nikaitikia na nikawasamehe. Kuanzia pale hadi filimbi ya mwisho, vijana wale waliimba, waliruka, walimlaumu mwamuzi. Wenyeji walipofunga, mmoja akaniinamia sikioni, "Sheikh, na hili bao utalisomea dua?" Nikacheka, maana utani mwema haukatazwi. Lakini mama wa mtu hakutajwa tena.

Sasa tuzingatie. Ni nini kilichobadilika? Mapenzi yao kwa timu hayakupungua. Kipa alikuwa ni yuleyule. Joto la mchezo liliongezeka. Kilichobadilika ni kimoja: walijua kwamba mwenyewe anasikia.

Basi ule udhuru tunaoupenda, "ni hasira za mpira tu, ulimi umeteleza," hausimami. Ulimi una breki. Walikuwa nazo muda wote. Na neno lile "hatukujua" ndilo la kututisha zaidi, kwa sababu maana yake ni kwamba tungejua yupo, tungekuwa watu wengine.

Tuyatoe haya uwanjani, tuyalete nyumbani. Kwenye makundi ya WhatsApp tunawazungumza wasiokuwa wa msimamo wetu. Barazani tunalizungumza kabila fulani. Jikoni anazungumzwa mke wa kaka. Hata sisi wenye kushika maikrofoni, wakati mwingine tunawazungumza majirani zetu wa dini nyingine kana kwamba hakuna hata mmoja wao anayepita nje ya msikiti. Anapita. Na spika zetu zinafika mbali.

Na tuseme kweli hayupo binadamu wa kusikia. Wako waandishi watukufu, Kiraman Katibin, kulia na kushoto. Hawa hawana timu, na hawaondoki dakika ya 80 kuwahi daladala.

Sisemi watu wasishindane. Imamu Bukhari amepokea kutoka kwa Anas (r.a.) kisa cha ngamia wa Mtume (s.a.w.) aliyeitwa Al-Adhbaa, ambaye alikuwa hashindwi mbioni. Akaja bedui mmoja na ngamia wake kijana, akamshinda. Jambo lile likawauma Waislamu. Tazameni: kuumia ukishindwa ni ubinadamu, hata Masahaba waliumia. Lakini Mtume (s.a.w.) hakumlaumu bedui. Aliwafundisha wenyeji kwamba ni haki ya Allah kukishusha chochote kinachonyanyuka duniani. Mgeni alishinda mbele ya wenyeji, na somo wakapewa wenyeji.

Basi tushike mambo matatu.

La kwanza: kabla hujamsema asiyekuwepo, mkadirie ameketi kiti cha pili. Kama ungelisema mbele yake kwa adabu, sema. Kama usingethubutu, limeze.

La pili: ukiwa wewe ndiye mgeni na ukasikia unayoyasikia, jitambulishe kwa upole pale panapotarajiwa kheri. Ukiona patazaa fitna, ondoka kwa amani. Usalama wako ni amana.

La tatu: uwe kama yule mzee. Alikuwa wa upande wao, na ndiyo maana neno lake liliingia. Tusi la watu wako linazuiwa na wewe uliye ndani, siyo na anayetukanwa.

Ewe Mola wetu, zihifadhi ndimi zetu tukiwa mbele ya watu na nyuma yao, na utujaalie kuwapenda tunaowapenda bila kuwadhulumu tusiowapenda. Aamin.

Ndugu yenu katika imani.