Nimekimbia Kilomita 21 Usiku Kisarawe, Nimekuwa wa Mwisho na Sina Kinyongo

Leo sina umbea wa mtu, nina wa kwangu mwenyewe. Kuna staa mmoja yumo humu ndani, ila jina lake silitaji hata mkinipigia magoti. Anayemjua anyamaze, anayebahatisha naye anyamaze.

Mwaka juzi daktari alinipima presha, akaitazama mashine, akapima tena. Akaniuliza, "Dada, unafanya mazoezi gani?" Nikajibu natembea. Akauliza kutoka wapi kwenda wapi. Nikasema kutoka kitandani kwenda stendi. Hakucheka. Nilikuwa na miaka 31 na kilo 96, na mama yangu alishapooza upande mmoja kwa presha hiyohiyo. Basi nikanunua raba za mtumba pale Maili Moja, nikaanza.

Mwezi wa tatu wa mazoezi nikajiandikisha mbio za hisani jijini, kilomita 5. Jua la Dar mnalijua, hata saa 2 asubuhi halina huruma. Fulana imenibana, nahema kama pampu ya baiskeli, lakini mwisho nauona. Staa wetu alialikwa kupamba shughuli, amekaa chini ya tenti na simu mkononi. Akanirekodi, mimi sina habari. Jioni nimeloweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, shosti wangu akanitumia klipu. Mimi huyo, nakuja taratibu, na chini yake kaandika: "Jamani lori la mchanga limekata breki, mpisheni!" Halafu vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi.

Hadi asubuhi watu laki mbili walikuwa wamenitazama. Na mimi nauza duka la vifaa vya ujenzi hapa Kibaha, kwa hiyo utani wa mchanga ulinikaa kama umeshonwa kwa vipimo vyangu. Mteja wa kwanza siku ile aliuliza saruji bei gani, kisha akaniangalia vizuri: "We si ndo lile lori?" Nikatabasamu. Nilipofika nyumbani nikazitupa raba uvunguni na sikuzigusa miezi mitano. Presha haikujua kama nimeumizwa, iliendelea kupanda tu.

Sasa usiku mmoja sina usingizi, naskroli, nikaangukia video za mbio za Disney. Jamani kuna watu wanaishi! Pale Florida, Marekani, ndani ya Walt Disney World, kuanzia 2010 hadi 2015 walikuwa na nusu marathoni ya usiku, Wine & Dine. Inaanza saa 4 usiku. Watu wanaanzia kwenye viwanja vya michezo, wanakatiza Animal Kingdom, wanakatiza Hollywood Studios, wanamalizia Epcot, na huko kuna tamasha la vyakula, wanakula hadi usiku mkubwa na medali shingoni. Njiani wanapanga foleni wapige picha na akina Mickey, muda unakwenda na wala hawajali. Kila kona taa. Mwaka 2015 radi zikawaharibia, mbio zikacheleweshwa na kukatwa karibu nusu, na 2016 wakazihamishia asubuhi. Kwa hiyo ile ya usiku siwezi kuikimbia hata nikipewa viza kesho.

Ila kilichonikalisha kitako hakikuwa taa. Ni wale akina mama wa maputo. Kwenye mbio za Disney kuna wanawake wanaokwenda nyuma ya watu wote, wamejifunga maputo ili waonekane kwa mbali. Mwendo wao ni mmoja, dakika 16 kwa maili, yaani kama dakika 10 kwa kilomita. Ukiwa mbele yao uko salama. Wakikupita, ujue basi la kubeba waliochelewa liko njiani. Watu wanawaogopa kama mgambo wa jiji. Mimi nikaliona jambo lingine. Kumbe kuna mahali mtu amepewa kazi ya kukaa nyuma ya mtu wa mwisho! Huku kwetu wa mwisho anakuta maji yameisha, tenti linashushwa na simu zinamsubiri.

Halafu usiku. Usiku nani atakuona?

Nikampigia bibi yangu, yuko kijijini Marui, Kisarawe. Nikamwambia nataka kukimbia usiku. Akasema, "Mjukuu wangu, usiku watu wanakimbia kwa mambo mawili. Mwizi na msiba." Kisha akacheka peke yake, akaongeza la tatu: mdundiko.

Mnaoujua mdundiko mshaelewa. Ngoma ya Wazaramo, haikai sehemu moja, inatembea, na wewe uliyetumwa chumvi dukani unajikuta unaifuata. Bibi anasema enzi za usichana wake mwali akitolewa waliufuata kwa mwanga wa mwezi, kijiji hiki hadi kile, alfajiri unazinduka hujui uko kwa nani, unarudi kwa miguu na fimbo inakusubiri mlangoni. Nikamuuliza, "Bibi, hakuna aliyekuwa anawacheka wanene?" Kimya kidogo. "Gizani? Kwenye ngoma? Nani ana nafasi hiyo?"

Hapo nikazitoa raba uvunguni.

Miezi sita nilijinoa usiku usiku, mizunguko ya mtaani na shosti wangu, tochi mkononi. Tukaongezeka mpaka tukawa saba. Kuna mwalimu, kuna mama wa mapacha, kuna kaka wa benki anayekimbia kama anadaiwa, na wengine msiohitaji kuwajua. Tukakubaliana siku ya mwezi mpevu tukimbie nusu marathoni yetu wenyewe. Kibaha tukaikataa, barabara ya Morogoro usiku ni ya malori, na sisi bado tuna watoto wa kulea. Tukachagua Kisarawe, barabara ya kwenda Maneromango, kilomita kumi na nusu kwenda, kumi na nusu kurudi. Kila mtu elfu 15: Noah ya kutupeleka, maji, ndizi na bodaboda. Tukawaarifu viongozi wa mtaa mapema ili tusidhaniwe wezi. Vizibao vya kung'aa, tochi za kichwani, na sheria moja niliyoitunga mimi na hakuna aliyeipinga: simu zote kwenye begi, na begi kwenye bodaboda.

Bodaboda yenyewe ilikuwa ya dogo mmoja wa Kisarawe. Kazi yake nilimweleza vizuri. Akae nyuma ya mtu wa mwisho na taa yake imulike mbele. Yaani yeye ndiye mama wa maputo. Akauliza, "Maputo yako wapi?" Nikamwambia bajeti imeishia kwenye ndizi.

Saa 2 kamili usiku tukaondoka. Dakika 5 nyingi, nikawa wa mwisho.

Nimekulia Kibaha, na Kibaha hiyohiyo, kule Mkuza, ndiko Filbert Bayi alikojenga shule. Yule mzee mwaka 1974 pale Christchurch, New Zealand, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, na aliongoza tangu mwanzo mpaka mwisho. Mimi mita 1500 natumia dakika 14 na nusu, na niko nyuma tangu mwanzo mpaka mwisho. Nchi hii ina watu wa mbele wa kutosha. Septemba 2025 Alphonce Simbu katuletea dhahabu ya marathoni ya dunia kutoka Tokyo. Nafasi ya nyuma nayo ilihitaji mtu.

Na nyuma kuna raha yake, msidanganywe. Mwezi umekaa juu ya minazi, mikorosho imesimama kama watu wanaongea, barabara nyeupe. Harufu ya maua ya miembe, halafu harufu ya mihogo inachomwa mahali usipopaona. Hakuna Mickey, lakini wahusika walikuwepo. Mzee mmoja barazani akatupigia kelele, "Kuna msiba wa nani huko?" Mwalimu akajibu hakuna msiba, tunafanya mazoezi. Mzee akasema, "Basi poleni." Watoto wawili waliotakiwa kuwa wamelala walinifuata kama mita mia mbili, mmoja amevaa shati tu. Wakanikimbiza kwa makofi mpaka mama yao akawaita kwa majina yao yote matatu. Ule ulikuwa mdundiko wangu.

Kilomita ya kugeuzia nikafika nimechoka lakini sijafa. Shida ilikuwa kurudi. Kisarawe mjini iko juu mlimani, na mlima unapokwenda huujui, unaujua unaporudi. Kwenye kilomita ya 16 miguu ikagoma. Nikasimama. Wenzangu siwaoni, siwasikii. Na pale ndipo sauti ya ile klipu ikanirudia, gizani, ambako nilidhani haiwezi kunipata. Lori la mchanga. Nililia jamani, nalisema hapa kwa sababu mlima ule tu ndio unaojua. Nilikwenda Kisarawe nikidhani dawa ni kutoonekana. Hapakuwa na mtu wa kuniona, na bado nilikuwa najitazama kwa macho yake yule staa.

Nikamgeukia dogo, nikamwambia nipakie tu, wengine tuwakute mbele. Akazima injini lakini taa akaiacha. "Dada, mimi umeniambia nikae nyuma ya mtu wa mwisho. Ukipanda hapa, wa mwisho atakuwa nani?"

Nikakosa jibu. Nikakaa chini barabarani, nikala ndizi. Dogo akakaa juu ya tangi lake, hakuniharakisha, hakunipa hotuba, akawa anapiga mluzi.

Mara baiskeli ikatokea nyuma yetu, imebeba mkaa, magunia marefu kuliko mwenye baiskeli. Kaka anaisukuma kwa mkono, jasho linamtoka, mzigo ule unakwenda kuwahi wateja wa Dar alfajiri. Akatukuta tumekaa. Akaangalia kizibao changu, akaangalia mlima, akasema, "Twende dada, huu ukikaa ndo unarefuka." Akapita. Hakuuliza nakimbilia nini. Nikainuka.

Tukaupanda wote watatu, mkaa mbele, mimi katikati, taa ya dogo nyuma, kivuli changu kimelala barabarani kirefu na chembamba kama mwanamitindo. Karibu na kileleni kaka akasimama kupumzika, mimi nikaendelea. Ndiye mtu wa kwanza na wa pekee niliyempita usiku ule. Akanipigia makofi.

Saa 5 na dakika 24 nikaingia Kisarawe mjini. Wenzangu sita walikuwa wamekaa kwenye mkeka nje ya genge lililobaki wazi, madafu yamekatwa, na dafu langu halijaguswa. Walisimama wote. Hakuna medali, mama mapacha alinivalisha khanga. Saa tatu na dakika 24. Nikapiga hesabu nimelala chali: mwendo wa mama wa maputo kwa nusu marathoni ni kama saa tatu na nusu. Wasingenikamata. Ningewaacha kwa dakika sita!

Presha sasa inasoma vizuri, daktari kacheka mara ya kwanza. Na tumeendelea, kila mwezi mpevu tunakimbia, si lazima 21. Tumefika kumi na tisa. Taa ya dogo bado iko nyuma, na nyuma kuna ushindani siku hizi, watu wanapenda kukaa na dogo.

Sasa umbea niliouahidi. Wiki mbili zilizopita nimefungua DM, nakuta ujumbe wa yule staa. Mwenyewe, akaunti ya kweli, tiki ya bluu. Nausoma kwa sauti jikoni: "Mambo dada, nasikia mna mbio za usiku na hamruhusu simu. Naweza kuja? Nimechoka kuangaliwa." Basi. Hakuna samahani, hakuna kumbukumbu. Hanijui. Aliposti, akacheka, akasahau kabla hajaagiza chakula cha mchana. Mimi nimelibeba lori lake mwaka mzima, yeye hata namba zake hakusoma.

Siku ya kwanza niliandika jibu refu la kumnyoosha, nikalifuta. Siku ya pili nikaandika "Karibu", nikalifuta pia. Nimemuuliza bibi. Kasema mdundiko ukipita hauulizi nani kaja, lakini na wewe mwenye mguu ndiye unayejua kama umepona.

Mwezi mpevu unaofuata ni Ijumaa. Ujumbe wake bado uko pale, umesomwa, haujajibiwa. Najua kitu kimoja tu: akija, hajazoea kukimbia, kwa hiyo atakuwa wa mwisho, na dogo atakaa nyuma yake kama alivyokaa nyuma yangu.

Nyie ingekuwa nyie, mngemjibu nini?