Mashine ya Espreso kwa Anayeamka Saa Kumi na Moja

Haya jamani, leo tuache tarakilishi kidogo tuongee kahawa. Wengi wakichagua mashine ya espreso huanza na bei. Mimi naanza na saa: unaamka lini, na unakunywa vikombe vingapi?

Hapa Mitaboni naanza kuandika programu saa kumi na moja alfajiri, wengine wakiwa wamelala. Vikombe viwili, bila maziwa, basi. Kwa hiyo sina haja na bomba la mvuke, wala mashine ya boila mbili ambayo huchukua hata nusu saa kupata moto sawasawa. Hiyo inafaa nyumba yenye wanywaji wengi wa maziwa ya povu.

Halafu kuna umeme. Mashine ya nyumbani hula wati 1,000 hadi 1,500 inapopasha maji. Inverta yangu hubeba laptopu na ruta bila shida, lakini ukiichomekea mzigo huo, vyote vinazima. Na mvua ikinyesha, stima ni bahati nasibu.

Nikachukua ya mkono, yenye wenzo. Msiidharau: povu lile la hudhurungi tunalolijua lilitokana na mashine za wenzo za Achille Gaggia wa Milano, miaka ya 1940. Nachemsha maji kwa gesi, napasha chombo kwanza maana chuma baridi huiba joto, namimina, nashusha wenzo polepole. Gramu 18 za unga, gramu 36 za kahawa, sekunde 30 hivi. Hakuna pampu ya kuamsha watoto. Na kwenye mwinuko wa mita 1,500 maji huchemka karibu nyuzi 95, joto ambalo espreso inalitaka!

Moka ya jikoni, uvumbuzi wa Italia wa 1933, ni rahisi zaidi na kahawa yake ni tamu, ila shinikizo lake ni dogo mno kuitwa espreso.

Pesa iliyobaki iliingia kwenye kinu cha kusagia. Hapo usibane mkono. Unga usio sawa hauokolewi na mashine yoyote.

Mama amechuma kahawa maisha yake yote, karo yangu ilitoka humo, na nyumbani tulikunywa chai. Msimu huu tulibakiza debe moja, tukaanika na kukaanga wenyewe. Alionja, akaitisha maziwa na sukari vijiko viwili, akauliza kinu ni pesa ngapi. Bado sijamjibu.